Daktari Aliyeitika Kwanza

Daktari Alnashir Jivraj alikuwa na kichwa kigumu. Nasema hivyo kwa heshima, maana nilimfanyia kazi mapokezini miaka yote ile kliniki yetu ilipokuwa Kilburn, juu ya duka la mazulia. Ukimwambia jambo fulani haliwezekani, alikuwa anavua miwani, anaipangusa kwa ncha ya tai, halafu anakuuliza, "Nani amejaribu?" Mara nyingi hakuna aliyekuwa amejaribu, na hapo ndipo kazi yako ilipoanza.

Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na katika magonjwa hayo alijichagulia ndoto. Nilipoajiriwa mwaka 1994 nilidhani nafanyiwa mzaha. Mimi ni mtu wa Kakamega, nimelelewa na nyanya aliyeamini kwamba ndoto mbaya huletwa na ugali ulioliwa kwa kuchelewa. Sasa naambiwa kuna msomi mzima anayelipwa na serikali ya Uingereza kusikiliza watu wakisimulia walivyolala. Nilipopiga simu nyumbani walicheka mpaka salio likaisha. Kisha nikaanza kuwaona wagonjwa wenyewe wakipanda zile ngazi zetu: Wasomali, Waeritrea, Wakongo, watu waliovuka vita na mipaka wakafika London salama, halafu wakashindwa na kitanda. Nikaacha kucheka.

Yeye mwenyewe alizaliwa Kigoma, mtoto wa muuza vitambaa wa Kihindi. Duka la baba yake lilikuwa karibu na stesheni, na wateja wengi walikuwa watu wa kutoka ng'ambo ya ziwa, ndiyo maana Kiswahili cha Wakongo hakikumpiga chenga. Alikuja London kusoma udaktari, na mambo ya kule yalipobadilika ndugu zake wote wakamfuata. Baba alikataa kuliacha duka. Alifia Kigoma wakati mwanawe yuko kwenye mitihani huku, na mwana hakwenda kumzika. Hilo alinieleza mara moja tu, tena haraka, akaniomba faili la mgonjwa mwingine.

Alikuwa pia mwandishi. Kila asubuhi kabla ya kliniki aliketi kwenye mkahawa wa Mreno mle barabarani akiandika hadithi kwa Kiswahili. Vitabu viwili vyembamba vilishachapishwa Nairobi. Mkewe alimuuliza, tena si kwa ubaya, ni nani katika London hii atakayesoma. Wanawe walikuwa wanaelewa Kiswahili cha "njoo ule" na "zima taa". Daktari akajibu kwamba Peris wa mapokezini atasoma. Basi nikawa nasoma, nitafanyaje? Nikamwambia wanawake wake wanalia mno, mwanamke wa kweli analia akishamaliza kuosha vyombo. Hakununa. Kitabu cha pili machozi yalipungua.

Mkono ulioandika ndio huo huo uliotibu. Aliamini jinamizi ni hadithi inayokatika mahali pale pale kila siku, na mwenyewe hapewi nafasi ya kuiendeleza. Kwa hiyo mgonjwa aliisimulia ndoto yake mchana, akiwa macho, kwenye kiti. Kisha akaitafutia mwisho mwingine, wowote autakao, akausema kwa sauti, akaenda kuufanyia mazoezi kila jioni kabla ya kulala. Kulikuwa na Mweritrea aliyekimbizwa na mbwa kila alipofumba macho. Alijizoeza kugeuka na kumtupia yule mbwa kipande cha mkate, na mwezi huo huo akaanza kulala. Niliyaona kwa macho yangu haya, sikuhadithiwa.

Josée alikuja kwetu mwaka 2003. Alikuwa mwanamke wa Uvira, mwembamba, anafanya kazi ya kutunza wazee, anakaa Thamesmead na binti yake wa miaka kumi, Miradie. Alimwita daktari "munganga", jambo lililonichekesha, maana kwetu mganga ni yule mwenye tunguri. Ndoto yake ilikuwa moja tu, na haikuwa ya kubuni. Vita vilipoingia Uvira, mumewe, Justin, alimwambia afunge mlango wa ua, abaki ndani na mtoto, asimfungulie mtu mpaka yeye arudi. Akafunga. Justin alirudi na watu wenye bunduki wakiwa nyuma yake, akawa anamwita mkewe kwa jina. Josée akautafuta ufunguo na mtoto mgongoni, akaukosa. Akaitwa tena. Kisha nje pakawa kimya. Kesho yake walimzika Justin. Tangu hapo kila akilala yuko ndani ya ua ule, anaitwa, anautafuta ufunguo, anaukosa.

Daktari aliona kazi ni nyepesi. Alimwambia kwamba safari hii ufunguo atauona, uko kwenye mfuko wa kitenge chake, na atafungua. Josée akasema, "Ndiyo, munganga." Wiki iliyofuata akaulizwa kama anafanya mazoezi, akasema, "Ndiyo, munganga." Na kila wiki alirudi amekonda zaidi. Mwishowe akaacha kulala kabisa. Alikunywa kahawa, akakaa kwenye kiti cha jikoni mpaka kukicha, kisha akaenda kazini. Siku moja alianguka kituo cha basi. Shuleni wakagundua kwamba anayepika na kufua pale nyumbani ni Miradie, na watu wa soshal, wale wa ustawi wa jamii, wakaanza kubisha hodi.

Mkubwa wetu wa kliniki, daktari wa kike wa Kiingereza, hakuwa mtu mbaya. Alisema ukweli tu: mama huyu akiendelea hivi atakufa, mwisho wa mwezi lazima alazwe. Josée hakuwa na ndugu katika nchi hii. Akilazwa, Miradie atapelekwa kwa watu baki, na tulijua wote kwamba mtoto akishachukuliwa kumrudisha ni kesi. Josée aliyasikia hayo akiwa amesimama mbele ya meza yangu. Aliishika ile meza kwa mikono miwili.

Daktari Alnashir akaomba aachiwe mgonjwa wake mpaka hiyo siku ya mwisho wa mwezi. Akapewa.

Kesho yake tukapanda treni kwenda Thamesmead, mimi naye, kwa sababu alisema mtu anayeitikia "ndiyo" kila wiki kuna jambo analolificha kwa adabu. Josée alitupikia, akatukazia macho tukila, na daktari akamwuliza taratibu kama ameshawahi hata mara moja kujaribu kuufungua ule mlango. Akatikisa kichwa. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa peke yangu nayasikia.

"Ile mulango, munganga, njo fasi moja tu Justin anakuyaka. Nikiibadirisha, atanipata wapi?"

Yaani pale mlangoni ndipo mahali pekee Justin anapomjia. Daktari hakumaliza chakula chake. Kwenye treni tukirudi aliangalia dirishani, na tulipofika karibu na mto akaniambia kwamba kwa miezi mitatu amekuwa akimnyang'anya mjane mumewe na kuita hiyo dawa. Niliona anaumia, nikamwambia haya, umeshajua, sasa mwachie Mungu. Akavua miwani. Nikajua nimekosea kusema.

Ule mlango aliapa hataugusa. Lakini sasa alibaki bila njia, na siku zilikuwa zinakwenda. Siku ya mkutano wa madaktari aliisimulia ndoto ya Josée tena, kwa Kiingereza, kuanzia mwanzo. Mkubwa wetu alisikiliza, akauliza swali dogo ambalo mtoto yeyote wa Kiingereza angeuliza: mume anamwita, na yeye anamjibu nini?

Nilikuwa mapokezini, ghorofa moja chini yao, napanga miadi, nikasikia miguu inashuka ngazi mbio. Akasimama mbele yangu, anahema.

"Peris, ukiitwa na marehemu ndotoni, unafanya nini?"

"Unanyamaza," nikasema. "Ukiitika umekwisha, anakuchukua. Kwani wewe mama yako hakukufunza?"

"Alinifunza," akasema. "Na yaya aliyenilea alinifunza. Ndiyo maana sikumwuliza."

Tukaangaliana. Miezi mitatu mama wa watu amekaa kwenye kile kiti, anaitwa na haitiki, na sisi wawili tulioelewa kila neno lake hatukushangaa, kwa sababu hata sisi tusingeitika. Daktari angekuwa mgeni kabisa angemwuliza siku ya kwanza. Nilicheka, halafu nikaona aibu ya kucheka.

Josée alipokuja alikiri. Usiku ule wa vita hakumjibu Justin kwa kuwa woga ulimkaba koo. Katika ndoto anao ulimi, lakini Justin sasa ni mtu aliyekufa, na mama yake alimwonya tangu utotoni, na akina mama wa maombi kule kanisani wamemwonya pia. Akiitika atafuatana naye. Miradie atabaki na nani? Kwa hiyo anakimbia huku na huku kutafuta ufunguo ili asionekane amemnyamazia mumewe kwa makusudi. Aliposema hayo alilia kwa mara ya kwanza, na mimi niliyekuwa nimeleta chai nikashindwa kutoka.

Mkubwa wetu alishauri daktari amweleze kwamba hiyo ni imani tu, haina ukweli. Daktari akamwambia hawezi kumweleza mtu jambo ambalo moyo wake mwenyewe haujalikubali. Kisha ndipo akanitolea siri yake. Yeye, bingwa wa ndoto, mwenye shahada ukutani na makala kwenye majarida, huota ndoto moja mara kwa mara tangu ujana. Baba yake yuko mlangoni pa duka kule Kigoma, anamwita aje wafunge. Na yeye husimama barabarani, kimya, mpaka anaamka. Ametibu mamia ya watu na hajawahi kumjibu baba yake. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini huyu alizidi.

Akamwita Josée, akamwambia mbele yangu:

"Mama Miradie, usijaribu kitu. Mimi nitaitika kwanza. Nikifa, basi wewe usiitike kamwe."

Josée alimtazama muda mrefu. Akamwuliza kama anacho kitu cha kupoteza. Daktari akasema anaye mke, wana wawili, na kitabu hakijaisha. Josée akakubali kungoja.

Nilimkasirikia. Nilimwambia wazi kwamba mzaha na wafu si ujasiri ni upumbavu, na kwamba mkewe akipata habari atatupiga sisi sote kwa mwiko. Akasema, "Nani amejaribu?" Nikamwacha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini huyu alikuwa anaingia mvunguni mzimamzima.

Alianza mazoezi kama alivyowafundisha wagonjwa. Wakati wa chakula cha mchana nilimwona bustanini, ameketi kwenye benchi na koti lake, midomo inacheza. Nilipopita nyuma yake nikamsikia, "Ji, Bapa. Ji, Bapa." Ni Kikachi, lugha ya nyumbani kwao; ndivyo mtoto anavyomwitikia baba. Mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mvi kichwani, anajifunza kuitika. Sikumtania siku hiyo.

Ikawa sasa kila asubuhi ni kesi. Mimi, niliyesema siamini, nilianza kufika kazini mapema ili nione kama mlango wa ofisi yake umefunguliwa. Na haukupita muda nikamkuta mtu mwingine amenitangulia. Josée alikuwa amesimama nje ya duka la mazulia, na sare yake ya kazi chini ya koti, ametoka Thamesmead kuja kuangalia tu kama munganga ni mzima. Daktari akatokea, akatusalimu, akasema, "Bado hajaniita." Josée akageuka akaenda kazini. Hivyo hivyo kesho yake, na keshokutwa.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku za kuhesabu kwa mkono mmoja, na siku hiyo mkubwa wetu alikuwa ameshapiga simu kuulizia kitanda. Saa ya kliniki ikafika, daktari hayupo. Wagonjwa wawili wakaketi. Nikapiga simu kwake, haikupokelewa. Josée alikuwa amekaa chini ya kalenda, mikono mapajani, anautazama mlango. Nilijifanya natafuta faili. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kumlaumu yaya wa Kigoma, nyanya yangu, chuo kikuu, na huyo Mhindi mwenye kichwa cha jiwe aliyeniachia mambo haya nimweleze mkewe.

Akaingia. Treni ilikuwa imesimama njiani, basi. Akavua koti, akalitundika, akaomba chai. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia, na sikufanya lolote, nikawasha birika la chai. Josée alikuwa ameshasimama.

"Jana aliniita," daktari akasema. "Nikaitika."

Tukangoja. Alikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo.

"Alinigombeza kwa kuchelewa. Kisha tukafunga duka."

Josée akamsogelea, akaishika mikono ya shati lake, akaifinya kama mtu anayepima kitambaa sokoni. Alipohakikisha kuna mtu ndani, akatangulia kuingia ofisini bila kuitwa. Nami nikawaambia wale wagonjwa wawili wangoje, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuomba radhi.

Mle ndani, mchana ule, walitengeneza jibu. Mlango hawakuugusa. Ufunguo waliuacha upotee. Daktari alimwuliza tu angependa kumwambia nini Justin kupitia mbao zile, na Josée akasema, akakosea, akaanza upya, mpaka maneno yakakaa. Nilimsikia kupitia mlangoni akiyarudia: "Justin, niko. Ufunguo sinauona. Mutoto iko na miye." Aliyasema kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya kumfikia mtu aliye nje. Aliambiwa aende nyumbani, ale, ayarudie akiwa kitandani, na akizidiwa na usingizi auache umchukue.

Hakuja kesho yake. Nilikwenda mpaka dirishani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali. Daktari aliandika, akafuta, akaandika. Siku iliyofuata, adhuhuri, Josée alipanda ngazi na uso wenye alama za mto wa kulalia. Miradie alikuwa naye, amevaa sare ya shule. Akatuambia kwa Kiingereza kwamba mamake alilala mpaka yeye akaogopa, akamwekea mkono puani.

Daktari hakuuliza. Josée alikaa pale pale mapokezini, kwenye viti vya plastiki, akasema mwenyewe.

"Niliitika. Nikamuambia ufunguo haionekani, mutoto iko na miye. Justin akasikia. Kisha akaniambia: 'Usifungule. Funga muzuri.'"

Akakunja uso, akalirudia lile neno, muzuri, kama anahakikisha amelisikia sawasawa. Miaka saba alikuwa ameamini kwamba mumewe alikufa akimsubiri afungue. Miradie alimlalia mamake begani, na anaelewa Kiswahili chote yule mtoto. Mimi nililia. Vyombo vilikuwa havijaoshwa, lakini nililia.

Mwisho wa mwezi mkubwa wetu alimpima Josée, akaketi naye, akafuta nafasi ya kitanda aliyokuwa ameiomba. Watu wa soshal waliendelea kuja kwa muda, wakikuta mama anapika na mtoto anafanya hesabu, kisha wakapata wengine wa kuwatembelea. Ndoto haikuondoka. Josée hakutaka iondoke. Justin alimjia mara moja moja, wakazungumza kupitia mlango, akaamka akaenda kazini.

Daktari alimwomba ruhusa ya kuiandika. Alimfuata mpaka Thamesmead kuiomba. Josée akakubali kwa sharti moja: katika hadithi yake pia mlango usifunguliwe, hata wasomaji wakitaka. Kitabu cha tatu kilitoka Nairobi mwaka 2005, na mlango umefungwa mpaka ukurasa wa mwisho. Mhariri alimwandikia kwamba mwisho ule haukidhi haja, naye daktari akamjibu anavyomjibu kila mtu: "Nani amejaribu?" Mimi nilikisoma, na sikumkosoa hata nukta.

Kliniki ilifungwa mwaka uliofuata, waliokata bajeti hawakuwa wagonjwa wetu. Akastaafu huku akiendelea kuona watu sebuleni kwake bila malipo. Mwaka 2008, wakati wa baridi, moyo wake ulisimama. Kwenye mazishi Josée alikuja na Miradie, aliyekuwa amemzidi mama urefu. Josée alikaa karibu nami, akaniuliza kwa kunong'ona kama munganga ameshaniita. Nikamwambia bado, na akanipigapiga mkono.

Nyanya yangu angesikia haya angefufuka anichape. Lakini nimeshaamua. Akiniita, hata ikiwa ni kudai chai yake, nitaitika, na nitamweleza pia vile alivyotutesa siku ile ya treni. Mpaka leo hajaniita. Ndiyo maana siku hizi jioni nyingine nachelewa kula ugali kwa makusudi, halafu nakwenda kulala.